Maneno ya Zamani ya Kiingereza na Maana Yake

Katika vitabu kama hiki tumezoea kusoma habari za kwetu wenyewe: mahari, majina ya watoto, matanga, methali za wazee. Mara hii tunaomba ruhusa ya kuleta mambo ya kijiji cha watu wengine, ni kusema Waingereza. Msishangae. Maneno ya zamani nayo ni mila, sawa na ngoma na mahari. Tena maneno hayo ya Waingereza yamekwisha kufika hapa kwetu, ndani ya Biblia na ndani ya vitabu vya masomo, wala hayakuja na mtu wa kuyaeleza.

Tuanze na kitu kilichotusukuma kuandika. Ilikuwa ile miaka baada ya 2005, wakati wakimbizi walikuwa wanarudi kutoka Tanzania, mashua zikivuka ziwa kutoka Kigoma kuja Baraka. Sisi tulikuwa tungali wapya katika kazi, wino wa diploma haujakauka. Kijana mmoja aliyekulia kambini alirudi na Kiingereza kizuri, kuliko chetu sisi tuliokisoma ubaoni tu, na mkononi alikuwa na Biblia ya Kiingereza yenye jalada jeusi. Siku ya Mungu moja wakamwomba ahubiri juu ya Yesu na watoto. Akasoma, kisha akaeleza kwamba Yesu mwenyewe alisema watoto wateseke ndipo waje kwake. Neno lililoandikwa pale ni "suffer", na kila mwanafunzi wa sekondari anajua kwamba "suffer" ni kuteseka. Wiki ile ile, mwalimu mmoja wa masomo ya msingi, ambaye fimbo yake ilijulikana tangu zamani, akaona amepata andiko la kumtetea. Mtoto mmoja alichapwa mpaka akashindwa kukaa kwenye benchi. Mama yake alipokwenda kulalamika, alijibiwa kwa Biblia.

Mama huyo hakujua Kiingereza. Yeye alikuwa na Biblia ya Kiswahili tu, na ndani yake imeandikwa kwa neno rahisi kwamba watoto waachwe waende kwa Yesu, hakuna mateso yoyote. Akaja nayo nyumbani kwetu, imefungwa katika kitenge, akauliza: "Mwalimu, hii Biblia yangu na ile yao, gani njo inasema ukweli?"

Hatukuwa na jibu. Diksionere yetu ya mfukoni ilisema "suffer" ni kuteseka, basi, imekwisha. Ilitubidi kwenda kwa padri mmoja mzee aliyekuwa na diksionere kubwa, nzito kama tofali, na pale njo tulikuta. Katika Kiingereza cha zamani "suffer" ilikuwa pia na maana ya kuruhusu, kumwacha mtu afanye. Biblia ya mama na Biblia ya kijana zilikuwa zinasema jambo moja. Na tulijisikia haya, kwa sababu sisi watu wa Kongo tuliosoma Kifaransa tungeweza kulitambua bila diksionere. Nani kati yetu hajaona katika vitabu vya zamani vya Kifaransa mtu mwenye adabu akisema "souffrez que", maana yake niruhusu? Ni neno moja. Limetoka kwa Kilatini, na chini yake iko picha ya mtu anayebeba mzigo kutoka chini. Mwenye kubeba anavumilia, na mwenye kuvumilia jambo analiacha lipite. Kiingereza cha leo kimebakiza maumivu, kimesahau ruhusa.

Biblia ile yenye jalada jeusi ni tafsiri ya mwaka 1611. Mfalme James wa Kwanza ndiye aliyekubali kazi hiyo ifanyike, katika mkutano wa Hampton Court wa mwaka 1604, na wataalamu karibu 47 wakaifanya. Lakini sehemu kubwa ya Agano Jipya hawakuitunga wao. Waliichukua kwa William Tyndale, aliyechapisha lake mwaka 1526. Tyndale alikamatwa Antwerp, na mwaka 1536 akanyongwa na kuchomwa moto Vilvoorde, karibu na Brussels, katika nchi ambayo baadaye ikaitwa Ubelgiji. Kwa hiyo watu walioifungua mwaka 1611 walikuwa tayari wanasoma maneno ya babu zao. Sisi tunayasoma yakiwa na karibu miaka mia tano. Na yanaendelea kufika kwa sababu nje ya Uingereza hakuna wa kulipwa haki za tafsiri hiyo, basi yeyote anaweza kuichapa na kuigawa bure, wakati tafsiri mpya zina wenyewe.

Kijana yule hakukasirika tulipomweleza. Alichukua kalamu, akaandika pembeni ya ukurasa neno "kuacha". Kisha akaanza kuja kwetu jioni na orodha ya maneno. Tuseme kweli, sisi njo tulifaidika zaidi, maana kwa kila neno alilolileta ilibidi turudi kwa padri na tofali lake.

Tuligundua upesi kwamba maneno mageni kabisa hayana hatari kubwa. Mtu akikutana na "saith" au "hath" anasimama, anauliza, anaambiwa kwamba ule mwisho wa "th" ni kitenzi cha mtu wa tatu, "anasema", "ana", na mambo yanakwisha. Hatari iko kwa maneno yanayovaa nguo zile zile za leo na ndani yake kuna mtu mwingine. "Prevent" leo ni kuzuia. Mwaka 1611 ilikuwa kutangulia, kufika mbele ya mwingine, na hapo Kifaransa kinatusaidia tena, juu ya "prévenir" ni kumjulisha mtu kabla jambo halijafika. Paulo anapowaandikia Wathesalonike, katika barua ya kwanza sura ya 4, anasema walio hai hawatawatangulia waliokufa. Msomaji wa leo anaelewa kwamba hawatawazuia, na anabaki kujiuliza nani alitaka kuwazuia wafu.

"Let" ni mbaya zaidi. Leo ni kuruhusu. Zamani kulikuwa na "let" nyingine iliyokuwa na maana ya kuzuia. Zilikuwa maneno mawili tofauti, yenye mizizi tofauti, yakafanana kwa sauti kama mapacha wa mama wawili. Moja akafa, na ni vizuri alikufa, maana lugha haiwezi kutumia sauti moja kwa "pita" na kwa "usipite". Amebaki katika tenisi, pale mpira unapogusa wavu wakati wa kuanza, na katika maneno rasmi ya paspoti ya Uingereza.

Katika barua ya kwanza ya Petro, sura ya 3, wake wanaambiwa kwamba waume wasioamini watavutwa na "conversation" yao. Kijana yule alikuwa tayari na mahubiri kamili juu ya jambo hili: mke akae na mume wake, azungumze naye, amwelimishe. Kumbe zamani "conversation" ilikuwa mwenendo, namna mtu anavyoishi na wenzake, na mstari wenyewe unasema mume atavutwa bila neno. Tulicheka sana siku ile, na yeye akacheka kuliko sisi.

Na "meat"? Leo ni nyama. Zamani ilikuwa chakula chochote, njo maana katika Mambo ya Walawi sura ya 2 kuna sadaka ya "meat" ambayo ndani yake hakuna hata kipande cha nyama. Ni unga na mafuta, na Biblia yetu inaiita sawasawa, sadaka ya unga. "Viande" ya Wafaransa ilipita njia hiyo hiyo, kutoka chakula kwenda nyama. Tena "deer", ambayo leo ni mnyama wa pori mfano wa mbawala, zamani ilikuwa mnyama yeyote. Waflama mpaka leo wanasema "dier" kwa mnyama yeyote. Msomaji wa Kiswahili asiwacheke Waingereza hapa. Sisi neno letu "nyama" ni la mnyama na la kitoweo pia, na wageni wanapotusikia wanachanganyikiwa vilevile.

Wanafunzi wetu wa mwaka wa sita walikuwa na tabu yao nyingine, juu ya Shakespeare. Katika mchezo wa Romeo na Juliet msichana anasimama juu usiku na kuuliza juu ya Romeo, akitumia neno "wherefore". Kila mwaka klasi nzima inasema anamtafuta, anauliza yuko wapi, kwa sababu wanaona "where" ndani ya neno. Hapana. "Wherefore" ni kwa nini. Msichana anauliza kwa nini kijana huyo awe Romeo, mtoto wa jamaa inayochukiana na jamaa yake. Ukilifanya swali la mahali, umeondoa mgogoro wote wa jamaa mbili. Umebaki na binti aliyempoteza rafiki gizani.

Sasa tufike kwa maneno yaliyoanguka, ni kusema yaliyozaliwa na heshima yakafa bila heshima. "Silly", mpumbavu, hapo kwanza alikuwa mtu mwenye baraka. Baraka ikawa unyofu, unyofu ukawa unyonge, unyonge ukawa upumbavu. "Villain", mtu mwovu, alikuwa mkulima tu wa shamba la bwana. Ni ndugu wa "vilain" ya Kifaransa. "Knave", tapeli, alikuwa mtoto wa kiume, kama "Knabe" ya Wajerumani mpaka leo. Kutoka mtoto akawa mtumishi, kutoka mtumishi akawa mhuni. Angalieni nani anaanguka: mkulima, mtumishi, mtu mnyonge. Sisi hatuoni kwamba ni bahati mbaya tu. Wenye kuandika walikuwa mabwana, nao waliandika watumishi wao walivyoonekana machoni mwao.

Neno lililochukua nafasi ya "knave" ni "boy". Leo wanafunzi wanalijifunza katika somo la kwanza: "boy" ni mtoto wa kiume. Lakini linapoonekana katika maandishi, karibu mwaka 1300, lilikuwa mtumishi, mtu wa hali ya chini. Maana hiyo ya kwanza haikufa kabisa. Ilipanda meli ikaja Afrika na Asia pamoja na wakubwa, na Wabeleji, ambao si Waingereza, waliichukua pia wakaileta Kongo. Wazee wetu wote wanajua "boyi". Mtu wa miaka hamsini, mwenye mvi na wajukuu, alikuwa boyi, na nyumba yake ndogo nyuma ya ile kubwa iliitwa "boyerie". Tulipofundisha historia ya neno hili, mwanafunzi mmoja alisema babu yake alikuwa boyi kwa miaka ishirini, na kwamba nyumbani neno hilo halitajwi. Hatukuendelea na somo siku ile.

Neno la mwisho katika orodha ya kijana lilikuwa "thou", na hilo lilikuwa limekwisha kumgharimu. Alikuwa ameandika barua ya kuomba kazi kwa shirika moja, Kiingereza safi, na kila mahali alipomtaja mkubwa wa shirika aliandika "thou" na "thy". Hakujibiwa. Baadaye aliambiwa na mlinzi kwamba barua yake ilisomwa kwa sauti katika biro na watu wakacheka. Alituuliza kosa liko wapi. Aliona kwamba Mungu anaambiwa "thou", basi ikiwa neno hilo linamtosha Mungu, litakosaje kumtosha mkubwa wa shirika?

Tulimwomba afungue Biblia yake mahali Yesu anapomfukuza Shetani jangwani. Hata Shetani anaambiwa "thee", ambayo ni "thou" hiyo hiyo ikiwa mwisho wa kitendo. Mfalme anaambiwa hivyo, na mwombaji pia. "Thou" ilikuwa "wewe", mtu mmoja, basi. "Ye" na "you" zilikuwa "ninyi", wengi. Wafasiri wa mwaka 1611 walifuata Kiebrania na Kigiriki, ambazo zinatenga mmoja na wengi, na hawakuweka heshima wala dharau ndani yake.

Lakini mitaani ilikuwa habari nyingine. Wanormani waliiteka Uingereza mwaka 1066, na lugha ya wakubwa ikawa Kifaransa. Kutoka kwao, tangu karne ya 13, Waingereza wakajifunza kumwambia mkubwa mmoja "ninyi", kama "vous". Tangu hapo "thou" ikabaki ya watoto, ya watumishi, ya wapenzi, na ya kugombana. Mwaka 1603, tauni ikiwa London, Sir Walter Raleigh alihukumiwa katika mji wa Winchester kwa kosa la uhaini. Mwendesha mashtaka, Sir Edward Coke, alipandwa na hasira akamwambia "thou" mbele ya watu wote, na akahakikisha wanasikia kwamba anamwambia hivyo kwa kusudi. Mtu aliyekuwa mpendwa wa malkia aliyetangulia akasemeshwa kama boyi. Sisi tunaelewa bila kutafsiriwa. Katika Kiswahili "wewe" ni ya wote, lakini mwambie mzee "wewe!" peke yake, bila "baba", bila "mzee", uone jirani watakavyogeuka.

Miaka karibu hamsini baadaye wakatokea Marafiki, wale wanaoitwa Quaker, ambao kanisa lao liko hata huku Kivu Kusini. Kiongozi wao George Fox alifundisha kwamba watu wote ni sawa mbele ya Mungu, kwa hiyo kila mtu mmoja aambiwe "thou", awe hakimu au mfagiaji. Mwaka 1660 yeye na wenzake walitoa kitabu kizima kuonyesha kwa lugha nyingi kwamba mmoja ni mmoja na wengi ni wengi. Walipigwa kwa sababu hiyo. Kijana Thomas Ellwood, ambaye baadaye alikuwa akimsomea vitabu mshairi kipofu John Milton, alipigwa na baba yake mzazi kwa kumwambia "thou" na kwa kukataa kuvua kofia mbele yake.

Mwishowe wakubwa hawakushuka, wadogo walipandishwa. Mjini mtu hamjui mwenzake ni nani, na "you" haikumkasirisha yeyote. Kufika mwaka 1700 "thou" ilikuwa imetoka katika maongezi ya kawaida ya London. Ikabaki vijijini, huko Yorkshire na Lancashire, na kwa Marafiki, na katika mashairi na sala. Leo Mwingereza anamwambia hata mbwa wake "ninyi". Na kwa kuwa "thou" ilisikika kanisani tu, watu wakadhani ni neno la juu sana. Kosa la kijana wetu ni kosa la Waingereza wenyewe wengi.

Tuliandika barua nyingine pamoja, yenye "you". Alipata kazi mahali pengine, si pale.

Habari ya Raleigh tulimsimulia pia mzee mmoja wa mtaa wetu, aliyekuwa boyi Bukavu wakati mji huo uliitwa bado Costermansville. Tulimsimulia kwa sababu tulikuwa tunatayarisha somo la tarehe 30 Juni 1960. Siku ile, mbele ya mfalme Baudouin, Lumumba aliwakumbusha wageni kwamba mtu mweusi alikuwa akiambiwa "tu", na haikuwa kwa urafiki, bali kwa kuwa "vous" ya heshima iliwekwa kwa Wazungu peke yao. Tulitaka wanafunzi waone kwamba jambo hilo halikuwa dogo, na kwamba Waingereza waligombana juu yake miaka mia tatu na zaidi kabla yetu.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza: "Huyo Mzungu aliyeambiwa 'tu' na wenzake, alijibu nini?"

Tukamwambia kwamba alijibu kwa utulivu, kwamba maneno ya namna ile hayamfai mtu wa heshima, na kwamba Coke hana zaidi ya hayo. Alifungwa miaka mingi, na mwaka 1618 akakatwa kichwa.

Mzee akatikisa kichwa. "Lakini alijibu," akasema. "Sisi, mu ile miaka yote, tulisema 'oui, Monsieur'."